Ada Haikufutwa, Ilihamishwa

Kila Septemba ikikaribia, hoja ileile hurudi Kisangani. Tunaisikia redioni, kwenye mikutano ya wazazi Mangobo na Kabondo, nje ya kanisa baada ya misa, na hata ndani ya ofisi zinazolipwa kutekeleza sera hiyohiyo inayoshambuliwa. Kwa ufupi inasema hivi: masomo ya bure katika shule za msingi, yaliyoanza Septemba 2019, yalikuwa ahadi tamu iliyoziua shule. Serikali haiyawezi. Basi wazazi waruhusiwe kuchanga tena, kidogo tu, ili mwalimu ale na mtoto asome.

Wanaosema hivyo si wajinga wala si maadui wa watoto. Wengi wao wameshika chaki. Ndiyo sababu hoja yao inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, badala ya kuzimwa kwa makofi ya mikutano ya hadhara. Nimeifuata, na nimeona kwamba kila dai ndani yake likisimama, linaangusha jingine. Ninyi wasomaji ndio waamuzi. Pimeni kila dai peke yake, kisha myapime yote pamoja.

Tuanze na lile jepesi. Wanasema masomo ya bure ni zawadi ya Rais Félix Tshisekedi, na zawadi ya mwanasiasa huweza kuondolewa kama ilivyoletwa. Hapana. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Februari 2006, Katiba iliyopitishwa na raia kwa kura ya maoni, kinasema elimu ya shule ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za umma. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ikarudia hilo. Na shule za umma, kisheria, si zile za Serikali peke yake. Ndani yake zimo shule za mkataba zinazoongozwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu, zile zinazobeba sehemu kubwa ya watoto wetu. Kwa hiyo kilichotokea 2019 ni Serikali kuanza kutii amri iliyoipuuza kwa miaka 13. Anayetaka ada irudi anataka Katiba ibadilishwe. Aseme hivyo waziwazi, kisha aje kutuomba kura.

Dai linalobeba mzigo wote ni la pili: Serikali haina fedha. Tulitendee haki. Kwenye meza ya duara ya Agosti 2019 mjini Kinshasa, gharama ya masomo ya bure ilitajwa kuwa takriban dola bilioni 2.6, wakati bajeti nzima ya nchi mwaka ule ilikuwa karibu dola bilioni 6. Hesabu hiyo inatisha, na aliyeiogopa hakukosea. Lau dai lingekomea hapo, ningelijibu kwa tahadhari.

Halikomei hapo. Msemaji yuleyule, bila kuvuta pumzi, anaongeza kwamba hata kidogo kilichopo kinaliwa Kinshasa. Anataja walimu hewa na shule hewa. Na hapo anasema kweli. Wakaguzi wa fedha wa IGF, chini ya Jules Alingete, walipopekua orodha ya malipo ya walimu walikuta shule zisizokuwepo na majina yasiyo na watu, na mwaka 2021 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu miaka 20 mkaguzi mkuu wa elimu pamoja na mkuu wa SECOPE, ofisi iliyokuwa ikiandaa mishahara ya walimu. Waziri waliyefanya kazi chini yake, Willy Bakonga, alikamatwa mwaka huohuo Brazzaville na kuhukumiwa kifungo kwa kosa la kuhamisha fedha nje ya nchi.

Waamuzi, hapa kuna madai mawili, na yanauana. Fedha zisizokuwepo haziibiwi. Ukisema zimeibwa, umekiri kwamba zilikuwepo. Ukisema hazikuwepo, wafutiwe kesi wale waliofungwa. Chagua moja, lakini usitumie la kwanza kumfunga mdomo mwalimu na la pili kuifunga shule.

Ushahidi uko upande wa kwamba zipo, ingawa hazitoshi kwa kila kitu. Juni 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800, ruzuku na mkopo, kuisaidia sera hii. Juni 2021, walimu wengi wakiwa bado wanangoja kuingizwa kwenye orodha ya malipo, wabunge 500 wa Bunge la taifa waligawiwa magari ya Hyundai Palisade, kila mtu lake. Sikumbuki kusikia redioni siku ile kwamba tuende polepole, nchi ni maskini.

Na sisi wa Boyoma, yaani Kisangani, hatuna haja ya kupanda ndege kwenda Kinshasa kutafuta mfano. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65, kwa ajili ya uharibifu wa vita, vikiwemo vile vya siku sita vya Juni 2000 vilivyouchakaza mji huu. Mfuko wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, uliwekwa hapahapa Kisangani. Kisha Septemba 2025 mahakama kuu ya kasasioni ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi ngumu katika kesi ya takriban dola milioni 19 za ujenzi wa gereza Kisangani, fedha zilizochotwa kwenye mfuko huo wa waathirika. Yeye alikana. Sisemi fedha hizo zingejenga madarasa; zina wenyewe, na wenyewe wanazisubiri. Nasema tu kwamba katika nchi inayodaiwa haina fedha, milioni 19 ziliweza kutoka kwa saini moja, huku faili la mwalimu anayesubiri namba ya malipo likihitaji miaka.

Kuna swali lingine wanalolikwepa. Tuseme kweli Serikali, yenye forodha, yenye kodi ya shaba na kobalti, yenye mlango wa kukopa Washington, haiwezi. Nani basi ataweza? Jibu lao ni mama anayeuza sombe na chikwange sokoni, na mwendesha toleka anayesukuma baiskeli juani kutwa nzima. Mzigo uliomshinda tembo wanautwika mgongoni mwa mbuzi, kisha wanauita mchango mdogo.

Dai la tatu linagusa zaidi, maana kila mzazi amelishuhudia: ubora umekufa. Darasa la watoto 50 limekuwa la watoto 100 na zaidi. Wanabanana wanne kwenye dawati moja, wengine sakafuni; mwalimu hawezi kusahihisha madaftari yote, na mtoto wa darasa la nne anahangaika kusoma sentensi. Sikatai hata neno moja. Nakataa tu kwamba ada ingeliponya.

Chukueni takwimu yao wanayoipenda, ile ya Benki ya Dunia kwamba watoto 97 kati ya 100 nchini, wakifika umri wa miaka 10, hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Inatajwa kama cheti cha kifo kilichoandikwa na masomo ya bure. Sasa tazameni tarehe. Takwimu hiyo inatokana na upimaji wa PASEC wa mwaka 2019, na PASEC huwapima watoto mwaka wa masomo unapoelekea mwisho. Watoto waliopimwa walikuwa wamesoma miaka yao yote chini ya ada. Wazazi walilipa, risiti zilikatwa, na hao 97 hawakuweza kusoma. Shahidi waliyemleta wenyewe anatoa ushahidi dhidi yao.

Kuhusu msongamano, tulifuate pendekezo lao mpaka mwisho, maana wenyewe hulikatisha njiani. Darasa lina watoto 100, nasi tunataka lirudi kuwa na 50. Njia ya kwanza ni kujenga darasa la pili na kumlipa mwalimu wa pili. Njia ya pili ni kutoza ada mpaka 50 washindwe. Ada haina njia ya tatu ya kupunguza watoto. Basi watuambie kabisa ni 50 gani watakaotoka. Tunawajua: ni wale wa nyumba yenye watoto saba, ambako wa kwanza kubaki nyumbani ni msichana. Ni wale waliokimbilia ukingo huu wa mto baada ya mapigano ya Wambole na Walengola kuzuka Lubunga mwanzoni mwa 2023, ambao wazazi wao waliacha mashamba na nyumba. Shule iliyowatoa hao inaweza kuonekana safi na tulivu zaidi, kama hospitali iliyowafungia wagonjwa nje.

Wala hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu majirani wamekwisha kufanya jaribio hili. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi katika miaka ya 1970. Uchumi ulipobana katika miaka ya 1980, ikarudisha michango ya wazazi kwa maneno tunayoyasikia leo Makiso: Serikali imelemewa, mzazi naye ashike upande mmoja. Uandikishaji ulishuka, na ubora haukupanda. Kufikia 2002, chini ya Benjamin Mkapa, ada ilikuwa imefutwa tena. Uganda ilifungua milango mwaka 1997, Kenya Januari 2003 chini ya Mwai Kibaki, na Kenya peke yake ilitoka kwenye wanafunzi milioni 5.9 hadi 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Madarasa yalifurika huko pia, na malalamiko ya ubora yangali yanaendelea. Lakini dawa iliyojadiliwa ikawa walimu, vitabu na madarasa. Ni hapa kwetu tu ambapo dawa ya shule iliyojaa ni kuitoza fedha.

Hayo madarasa nayo yana mwenye deni, na deni lina jina. Mpango wa maendeleo wa maeneo 145, wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.6, uliahidi shule katika kila eneo la utawala nchini, mkoa wetu wa Tshopo ukiwemo, kuanzia Ubundu hadi Basoko. Mwenye hasira na msongamano akaulize huko: ngapi zimekamilika, ngapi zina madawati, ngapi zimepata walimu wenye namba. Mtoto aliyejitokeza darasani Septemba alikuwa anatii Katiba. Yeye hakuchelewesha jengo lolote.

Nakuja sasa kwenye dai ambalo kwangu ndilo kiini, na ambalo wapinzani wangu nusu wanalipata. Wanasema kabla ya 2019 mwalimu alikula. Primi ya wazazi ilikuwa na aibu zake, ndiyo, lakini ilimfikia mikononi kila mwezi, wakati mshahara wa Serikali ulikuwa mdogo, wa kuchelewa, au haukuwepo. Ulipoifuta primi bila kuziba pengo, umemwibia mwalimu.

Tukumbuke kwanza primi ilitoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali ya Mobutu ikiwa imeacha kuwalipa walimu ipasavyo na migomo ikiwa imeumeza mwaka mzima wa masomo, Kanisa Katoliki na wazazi walikubaliana kuchanga ili milango isifungwe. Ilikuwa hatua ya dharura, na kwa wakati ule ilikuwa hatua ya heshima. Dharura hiyo ikadumu zaidi ya miaka 25. Wakati huo wote Serikali ilijifunza somo moja tu: ukiacha kulipa, mwingine atalipa. Wanaotaka primi irudi wanataka kuifundisha somo hilo upya.

Je, primi ilimfikia mwalimu? Sehemu yake. Watafiti Kristof Titeca na Tom De Herdt wa Chuo Kikuu cha Antwerp walieleza mwaka 2011 jinsi mfumo wetu ulivyosimama: fedha zilikusanywa mlangoni mwa darasa, kisha zikapanda juu, ngazi kwa ngazi, kwa kamati, kwa ofisi za eneo na za mkoa, kwa wakaguzi, kwa uratibu wa madhehebu. Kila ngazi ilikuwa na fungu lake. Mzazi alidhani anamlipa mwalimu wa mwanawe, kumbe alikuwa analipia karatasi, mafuta na viti vya ofisi ambazo hajawahi kuziona. Jambo hili linaeleza kelele nyingi za leo. Sera ya 2019 haikumgusa mwalimu peke yake. Ilikata mfereji uliokuwa ukinywesha ngazi zote hizo. Baadhi ya wanaomlilia mwalimu kwa sauti kubwa zaidi hawajashika chaki kwa miaka mingi. Wanajililia wenyewe, na wangefanya vyema kusema hivyo.

Hata primi iliyobaki mikononi mwa mwalimu haikuwa sawa kwa wote. Shule ya Makiso, yenye wazazi watumishi na wafanyabiashara, ilimpa mwalimu wake cha kueleweka. Shule ya Opala au Yahuma ilimpa mchele, kuku, siku ya kulimiwa shamba, au haikumpa kitu. Mfumo unaosifiwa kwamba ulimlisha mwalimu ulimlisha wa mjini. Wa msituni ulimwacha na mshahara uliopangwa kwa kanda, Kinshasa juu na vijiji chini, ambao ili aupokee ilimbidi asafiri siku kadhaa. Tshopo ni mkoa wa karibu kilomita za mraba 200,000, zaidi ya mara tatu ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na barabara zake tunazijua. Mwalimu wa ndani Bafwasende anayefuata mshahara wake mjini hulipa pikipiki na malazi kwanza. Kinachobaki ndicho mshahara. Darasa lake, wakati huo, halina mtu.

Lakini nusu ya dai hili inabaki imesimama, nami siiangushi. Fikirieni mwalimu wa NP, yule asiye kwenye orodha ya malipo. Anaandaa masomo, anafundisha, anasahihisha, ana darasa lakini hana namba. Kabla ya Septemba 2019 aliishi kwa fedha za wazazi peke yake. Asubuhi moja mkono wa mzazi ukazuiwa, na mkono wa Serikali haukuja. Baadhi yao wameingizwa kwenye malipo tangu hapo, kwa mafungu. Waliobaki wamekuwa wakifundisha miaka bila mshahara wala primi. Katika shule hizo masomo hayakuwa ya bure. Yalilipiwa, kila siku, na mtu aliyesimama ubaoni. Ada haikufutwa, ilitolewa mgongoni mwa mzazi ikawekwa mgongoni mwa mwalimu.

Hilo ndilo shtaka la kweli, na ni zito. Tazameni sasa linavyotumiwa. Mdaiwa ni Serikali: Katiba imemtaja, sheria imemtaja. Wapinzani wa sera wanamwona mwalimu anadhulumiwa, wanageuka, wanampita mdaiwa, wanabisha hodi kwa mzazi. Kosa wamelitambua vizuri, hukumu wamempelekea asiyehusika.

Wengine, wenye busara zaidi, hawaombi ada irudi yote. Wanasema tungeenda polepole: madarasa ya kwanza kwanza, miji mikubwa baadaye, mpaka fedha zipatikane. Pendekezo hili lina sura ya hekima, ila lina kasoro moja, kwamba tumekwisha kulijaribu. Mwaka 2010, chini ya Joseph Kabila, Serikali ilitangaza masomo ya bure kwa darasa la kwanza hadi la tatu, Kinshasa na Lubumbashi zikiachwa kando kwa muda. Kisangani tulikuwa ndani. Nani anakumbuka siku yalipokoma? Hakuna, kwa sababu hayakukoma, yaliyeyuka. Ada za darasa la nne zilirudi chini zikaingia la tatu, la pili na la kwanza kwa majina mapya, na hakuna ofisi iliyotangaza kwamba sera imekufa. Polepole, katika utawala wetu, ni jina la kaburi lisilo na msalaba.

Dai jingine nalitaja kwa sababu tu linarudiwa sana: cha bure hakithaminiwi. Kimani Maruge wa Kenya alijiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, akivaa kaptula ya shule, kwa sababu ada ilikuwa imefutwa. Angekithamini zaidi kama angetozwa? Na hapa kwetu, nani amewaambia kwamba mzazi halipi kitu? Ananunua sare, madaftari, kalamu, viatu, na anapoteza mikono ya mtoto ambaye angemsaidia shambani. Asiyethamini elimu hagharimii hayo yote ili mwanawe akakae sakafuni.

Wafuasi wa Serikali waliosoma mpaka hapa wakitabasamu, wakae. Nao wana madai yao.

Wanasema walimu wanaogoma wanatumiwa na wanasiasa, na kwamba madai yao hayana mipaka. Septemba 2024 shule nyingi za umma zilifunguliwa bila walimu, vyama vyao vikidai mshahara wa dola 500 kwa mwezi. Ni nyingi? Turudi nyuma miaka 20. Februari 2004, katika makubaliano ya Mbudi, Serikali yenyewe ilikubali kwamba tarishi, mtumishi wa ngazi ya chini kabisa katika ofisi ya umma, apate dola 208 kwa mwezi. Ilitia saini. Haikutekeleza. Tangu hapo zimekuja saini nyingine, za Bibwa zikiwemo, na ahadi juu ya ahadi. Mwalimu anayedai dola 500 miongo miwili baada ya tarishi kuahidiwa 208 hajaongozwa na chama chochote; amepiga hesabu ya bei ya mchele. Halafu Serikali inayomtuhumu kwamba anaihujumu sera ya Rais inasahau kwamba sera hiyo, kwa miaka yote hii, imesimama kwa sababu yeye aliingia darasani bila kulipwa. Angekuwa mhujumu, tungeshajua.

Wanasema pia, na hili ndilo dai lao kubwa, kwamba masomo ya bure yamefaulu kwa sababu watoto zaidi ya milioni 4 wameingia shuleni. Nakubali kwamba waliingia wengi mno, na kwamba hakuna Serikali nyingine tangu uhuru iliyowafungulia mlango namna hiyo. Sitaki kulipunguza hilo. Lakini mlango si shule. Wapinzani wanatumia msongamano kuthibitisha kwamba sera imeshindwa, nayo Serikali inatumia msongamano huohuo kuthibitisha kwamba imefaulu. Idadi ni moja, hitimisho mbili, na hakuna upande uliouliza mtoto amejifunza nini. Serikali iliyojiamini ingepeleka upimaji mpya, ingechapisha matokeo ya kila mkoa, na ingebandika kwenye ukuta wa kila shule orodha ya walimu wake: nani analipwa, nani ni NP, tangu lini. Karatasi moja na gundi. Si bilioni 2.6.

Tena waangalie kalenda. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Septemba 2019 bila kurudia alimaliza la sita katikati ya 2025. Ndiye mtoto wa kwanza wa sera hii kutoka mlango hadi mlango. Wiki chache baadaye, katika mji huu, mzazi wake alipewa orodha ya malipo ya darasa la saba: ada, michango, fomu. Sheria ya 2014 inayahesabu madarasa ya saba na ya nane pamoja na sita yaliyotangulia kuwa elimu ya msingi ya miaka 8. Hotuba nazo husema miaka 8. Risiti inaanza mwaka wa saba.

Basi nawauliza wote wawili kwa pamoja, yule anayetaka ada irudi na yule anayesema ada haipo tena: mtoto huyo, Septemba ile, alikwenda wapi?